Gari la Moshi la Bububu Katika Mtaa wa Milimita 40

Chumba cha juu cha nyumba yetu, hapa mtaa wa Ng'ambo mjini Zanzibar, kina ukuta mmoja usio na dirisha. Kwa miaka sita sasa ukuta huo umebeba ubao wa mita 3.6 kwa sentimita 60, na juu ya ubao huo ninajenga, kwa umbo dogo, njia ya gari la moshi iliyokuwa ikitoka Ngome Kongwe kwenda Bububu.

Njia hiyo ilijengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne ya 20. Urefu wake ulikuwa kiasi cha maili saba, na reli zake mbili ziliachana kwa futi tatu. Ilipita mtaa wa Malindi wa hapa mjini, katika njia iliyobana hata mwenda kwa miguu akalazimika kuingia mlangoni mwa watu ili behewa lipite, kisha ikashika upande wa kaskazini. Haikuwa reli ya kwanza kisiwani, kwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na njia yake ya kwenda Chukwani. Lakini hii ya Bububu ndiyo iliyochukua abiria wa kila namna, na safari zao zilikoma katika miaka ya 1920. Wapo wanaosimulia kuwa Bububu ilipata jina lake kutokana na mlio wa gari hilo. Sikubaliani nao, kwa sababu Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliishi Bububu katika karne ya 19, miongo mingi kabla ya reli kutandikwa, na mahali pale palikuwa pakiitwa hivyo hivyo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kipimo. Nilichagua kila futi moja ya kweli iwe milimita nne, yaani kipimo kinachokaribia 1:76, kwa sababu futi tatu huwa milimita 12 kamili, na reli za upana huo hutengenezwa viwandani. Ndizo zinazotumiwa na wanaojenga kwa kipimo cha 1:120, na pia na wale wanaounda njia za milimani za Uswisi, zenye upana wa mita moja, kwa kipimo cha 1:87. Kwa hiyo niliweza kununua chasisi iliyo tayari, yenye mota na magurudumu, nikaijengea bodi yangu mwenyewe kwa karatasi za plastiki. Kuhusu injini sina mengi zaidi ya hayo, kwani inatembea polepole bila kusita, na hilo linanitosha.

Shida ilikuwa urefu. Maili saba, kwa kipimo hiki, ni karibu mita 148. Hakuna chumba cha namna hiyo mtaani kwetu, na hata kingekuwapo, sehemu kubwa ya safari ingekuwa minazi kwa minazi. Nilichagua vituo vitatu vya macho: ukuta wa Ngome, mtaa mmoja wa Malindi, na nguzo za Maruhubi zilizobaki baada ya kasri kuungua mwaka 1899. Bububu yenyewe bado haijapata ubao wake.

Kabla sijafika kwenye mtaa, niseme kidogo kuhusu hewa yetu, maana ndiyo iliyoniharibia kazi ya miaka miwili ya mwanzo. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao huonya kwamba reli hutanuka kwa joto. Hapa kinachotanuka ni mbao. Ubao wangu wa kwanza ulikuwa laini, wa kubandikia matangazo. Masika moja yaliuvimbisha ukapinda katikati kama tumbo la mtumbwi, na mchwa wakamalizia pale unyevu ulipoachia. Wa sasa ni plaiwudi ya milimita 12, iliyopigwa vanishi pande zote mbili na kwenye kingo zake, ukiegemea fremu ya mbao ngumu ambayo ami yangu, fundi seremala, aliichonga kwa mabaki ya milango. Reli za chuma nazo ziliota kutu ndani ya miezi michache kwa upepo wa bahari, nikazing'oa na kuweka za mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Hizi nazo hufifia, lakini hufutika kwa kitambaa chenye spiriti. Msasa siugusi kabisa, kwa sababu kila mkwaruzo unaoacha huwa kitanda cha uchafu mpya.

Umeme wa njia nzima ni volti 12, nao hutoka kwenye betri ya pikipiki kupitia fyuzi na kidhibiti mwendo, hivyo umeme wa mtaa ukikatika gari huendelea na safari. Nililehemu waya mwembamba chini ya kila kipande cha reli, badala ya kutegemea vibati vya kuungia, kwa kuwa vibati hivyo hulegea na chumvi huingia katikati yake. Tangu nifanye hivyo, gari halijasimama njiani bila mimi kulisimamisha.

Kokoto za kati ya mataruma ni mchanga wa pwani. Niliuosha kwa maji baridi mara saba ili kutoa chumvi, nikauanika, nikaupitisha kwenye chujio la chai, kisha nikaukokotea sumaku ili chembe yoyote ya chuma isiingie kwenye mota. Ukubwa wa punje una maana sana: punje ya nusu milimita, kwa kipimo changu, ni jiwe la karibu sentimita nne, na ya milimita mbili ni jiwe la sentimita 15, ambalo hakuna anayelitandika chini ya reli. Hushikwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo, ambayo hulifanya tone la gundi lizame mchangani badala ya kusimama juu yake kama umande.

Sasa mtaa wa Malindi. Nilipoujenga mara ya kwanza niliupa upana wa milimita 70, ili mkono wangu uweze kupita kusafisha reli. Nyumba nilizitengeneza vizuri kadiri ya uwezo wangu: kadi ngumu iliyopakwa chokaa kwa matabaka membamba, madoa ya mvua chini ya makopo ya paa yaliyotiwa kwa chai ya rangi iliyokolea, boriti za vijiti vya makonyo. Lakini kila nilipolitazama gari likipita, sikuhisi chochote. Nilidhani kasoro iko kwenye nyumba, nikaongeza vitu: kamba za nguo, mikokoteni, paka watatu. Mtaa ukazidi kuwa wa uongo. Ndipo siku moja bibi yangu, aliyelelewa Malindi, akapanda ngazi kuja kuniletea chai, akatazama kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, huu si mtaa, huu ni uwanja. Kwetu tukinyoosha mikono tulikuwa tunagusana na wa ng'ambo."

Nilirudi kwenye rula. Milimita 70 ni futi 17 na nusu. Nilikuwa nimefupisha urefu wa safari kwa kiasi kikubwa bila kuliharibu jambo lolote, kwa sababu jicho husamehe urefu. Lakini upana nilioongeza kwa ajili ya mkono wangu ulikuwa umeiondoa Malindi yote. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti kwamba nitafupisha njia popote inapobidi, ila upana wa mtaa, urefu wa kuta na kimo cha mlango sitavigusa.

Niliubomoa mtaa na kuujenga upya kwa milimita 40, sawa na futi 10. Behewa langu lina upana wa milimita 26, hivyo kila upande umebakiwa na milimita saba. Baraza ya kukalia, yenye kina cha futi moja na nusu, ni milimita sita. Kwenye sehemu iliyonyooka baraza inaenea, ingawa anayeketi hapo itambidi akunje miguu. Kwenye kona haienei hata kidogo, kwa sababu behewa likikata kona, ncha zake hutokeza nje na tumbo lake huingia ndani. Nilifunga penseli kwenye pembe za behewa na ubavuni mwake, nikalisukuma kwa kidole kona nzima juu ya karatasi, na mistari iliyochorwa ndiyo ikawa mpaka wa misingi ya nyumba. Nyumba mbili zilinibidi nizikate pembe. Nyumba zote za mtaa sasa hukaa juu ya vijiti viwili na huinuliwa moja moja kama vifuniko vya sufuria, nami husafisha reli kwa utulivu.

Mikokoteni na kamba za nguo niliziondoa. Paka mmoja amebaki. Watu ni watatu tu, kila mmoja milimita 22 hivi, na wote nimewasimamisha ndani ya vizingiti vya milango, migongo ikiwa imeegemea mbao za nakshi. Injini inapoingia mtaani, ukuta wa kushoto huificha kwa muda, sauti ya magurudumu hubadilika kwa kugonga kuta, kisha behewa hutokea karibu kabisa na kifua cha mtu wa mlango wa pili. Bibi alipanda tena wiki iliyopita, safari hii bila chai, akavuta kiti, akaniomba nilirudishe nyuma gari lipite tena, polepole zaidi.