Msiba wa Nani?

Tulikuwa tunaandaa mbio za kumchangia mgonjwa wa uvimbe wa ubongo, na ubishi wa kwanza ulikuwa wa rangi ya fulana. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha jogingi pale Kirumba, Mwanza, alitaka fulana za pinki, maana kila Oktoba huwaona watu wa saratani ya matiti wamevaa pinki na hata gari la matangazo wanapewa. Daktari kijana aliyekuwa akikimbia nasi akasema uvimbe wa ubongo una rangi yake, kijivu, na una siku yake pia, tarehe 8 Juni, iliyoanzishwa mwaka 2000 na shirika la Wajerumani liitwalo Deutsche Hirntumorhilfe. Mhazini akadakia: Wajerumani ni watu wetu, si ndio waliotuachia jina la Bismarck kwenye lile jiwe la ziwani? Kijivu kikapita. Faida yake tuliiona tulipopeleka barua ya kuomba kibali. Ofisa aliyetupokea aliuliza fulana ni za chama gani, akaonyeshwa moja, akaigeuza mbele na nyuma, akagonga muhuri.

Mwaka wenyewe ni 2019. Tarehe 8 iliangukia Jumamosi, siku chache baada ya Idd na wiki moja tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchi nzima. Fulana zilitoka kwa mchapaji zimefungwa ndani ya kanga ya mkewe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuonekana mjini na rambo mkononi.

Tulikuwa tunamchangia shemeji yangu, mume wa dada, fundi wa mashine za boti. Kichwa kilikuwa kinamwamsha kabla ya adhana ya alfajiri, anatapika, kisha ikifika saa tatu anapata nafuu na kwenda kazini. Mtu anayepona kila siku saa tatu asubuhi hapati wa kumwonea huruma. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akarudishwa kwenye malaria. Mpaka siku alipoanguka ndani ya kivuko cha Kamanga, akatetemeka mwili mzima. Abiria walijitenga na mate yake, wakiamini kifafa huambukiza. Mmoja akatafuta kiberiti amnusishe, mwingine akataka kumtia kijiko mdomoni.

Kipimo cha CT scan ndicho kilichosema ukweli. Ulikuwa uvimbe uitwao meninjioma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Daktari aliposema wake si saratani, dada alishangilia, na ikabidi amsubiri amalize ndipo aendelee: fuvu ni mfupa, halitanuki, kikiongezeka kitu ndani lazima kingine kibanwe. Na mtu akilala, presha ya ndani ya fuvu hupanda, ndiyo maana kichwa kilimchagulia alfajiri. Alitakiwa apasuliwe Dar es Salaam, MOI, yaani Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili. Dada alisumbuka sana kuelewa kwa nini ubongo unapelekwa Taasisi ya Mifupa. Tukamweleza kwamba vichwa pia vinapasuliwa palepale. Hakuridhika sana, lakini alianza kuulizia nauli.

Saa kumi na mbili na nusu tukatoka uwanja wa CCM Kirumba, kukiwa na baridi ile ya Juni inayotoka ziwani. Njia yetu ilishuka kwanza Mwaloni kwenye soko la samaki, kisha Barabara ya Makongoro hadi mjini, tuzunguke Capri Point na kurudi. Watu wa jogingi hatukimbii kimya. Kiongozi ana filimbi, anaita "Mchakamchaka!" nasi tunajibu "Chinja!" Asubuhi hiyo alikuwa na maneno mapya, aliyoyapanga na daktari usiku uliotangulia.

"Kichwa cha alfajiri!"

"Kapime!"

"Kutapika na tumbo haliumi!"

"Kapime!"

"Degedege ukubwani!"

"Kapime!"

"Kuona viwili viwili!"

"Kapime!"

Alipoishiwa akaongeza na lake, "Ndoto mbaya!" Tukajibu kwa nguvu ileile. Daktari akamkata jicho.

Mwaloni palikuwa pamechangamka zamani, magunia ya dagaa yanapakiwa kwenye malori. Mimi ndiye niliyeshika ndoo ya mchango, ndoo ya rangi ambayo kifuniko chake tulikitoboa kwa kisu. Mama mmoja mwenye meza ya sangara wa kukausha alipoiona tu akaanza kufungua pindo la kanga.

"Msiba wa nani?"

"Mwangaluka, mayu. Hakuna msiba. Ni mgonjwa, anatakiwa kupasuliwa kichwa."

Vidole vikasimama kwenye fundo. "Kumbe yuko hai?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka, ila sikumlaumu wala simlaumu leo. Mvuvi akizama, kabla ya jua kuchwa Mwaloni imeshanunua jeneza na kukodi lori. Daftari linapita meza kwa meza na hakuna anayeuliza risiti. Mgonjwa hupelekewa uji na pole. Hatuna roho mbaya. Msiba una utaratibu wake, kila mtu anajua atoe kiasi gani na asipotoa atasemwa vipi, lakini kwa kipimo cha kichwa hakuna anayejua aanzie wapi. Naamini mbio zile zilikuwa na kazi hiyo kuliko kazi ya mazoezi: kuwapa watu sababu ya kufungua fundo mapema.

Yule mama alitoa elfu tano. Kisha akanishika mkono. "Huo wimbo wenu, degedege ukubwani. Mdogo wangu huanguka. Ameanza mwaka huu."

Nikamwelekeza uwanjani.

Mjini na Capri Point sina mengi ya kusimulia. Tulikimbia, trafiki alisimamisha daladala, wazungu wawili walitoka hotelini wakajiunga na sisi kwa mita mia moja hivi, mwenyekiti akabanwa na msuli akapakiwa bodaboda na bado akapiga picha ya kumaliza mbio.

Uwanjani shemeji alikuwa kwenye kiti, amevaa kofia ya Taifa Stars. Timu ilikuwa inakwenda AFCON kule Misri, mara ya kwanza tangu mwaka 1980, na yeye hakuwa na mazungumzo mengine. Fedha zilimwagwa juu ya turubai zikihesabiwa, noti zimegandana na magamba ya samaki. Hapo ndipo yule mama alipofika na mdogo wake, kijana wa miaka ishirini na kitu. Daktari akamkalisha pembeni, akamuuliza utotoni alikuwaje, huanguka saa ngapi, upande gani huanza kutetemeka. Akasema kijana apigwe CT scan. Wakauliza bei, wakatazamana.

Mwenyekiti, mguu wake ukiwa bado unakandwa, akapendekeza kipimo kile kilipwe kutoka kwenye turubai.

"Na nauli yetu?" dada akauliza. Alikuwa na haki. Fedha zilichangwa kwa jina la mumewe, na alikuwa ameuza cherehani. Mhazini akawa upande wake. Watu wakapandishiana sauti pale, wengine wakitaka kura ipigwe. Shemeji akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini ya mtu asiyependa kelele kichwani, "Mlipieni. Mimi changu kimeshapimwa." Dada alimnunia hadi Jumatatu.

Kipimo cha kijana kilitoka safi. Hakuna uvimbe. Akaanzishiwa dawa za kifafa na kuambiwa asiziache. Mhazini alilalama mtaa mzima, "Tumelipia kichwa kizima!" kana kwamba tungefurahi zaidi kingekuwa kibovu. Yule mama alisikia. Alikuja kwa dada na gunia la dagaa, akasema likauzwe Dar, huko bei ni nzuri. Liliuzwa, likalipa chumba Kariakoo na chenji ikabaki.

Shemeji alipasuliwa Alhamisi, tarehe 27 Juni. Usiku huohuo Stars walicheza na Kenya. Asubuhi alipoanza kufumbua macho, kichwa kimefungwa bandeji, dada akiwa amejiandaa kumuuliza kama anamjua, yeye akamgeukia muuguzi na kuuliza mechi iliishaje.

"Tatu mbili," muuguzi akajibu, akaondoka haraka kabla hajaulizwa za nani.