Siku moja maishani mwangu: kusomesha watoto wawili nyumbani, Lancaster, Pennsylvania, Marekani

Saa zote humu ni za Kiswahili.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nje bado giza, ni katikati ya Februari na theluji ya juzi haijayeyuka. Maji ya chai yako jikoni, nami nimefungua daftari la jana. Nusu saa hii ndiyo ya kupanga kazi, na mpango wenyewe ni mistari mitatu kwenye ubao mdogo. Leo nimeandika: kutoa kwa kukopa, hadithi ya mamba, chapati. Yatakayobaki yatategemea watoto wameamkaje.

Mtu akiona mistari mitatu hudhani hawa hawasomi. Nasomesha wawili: mkubwa ana miaka 9, yuko darasa la tatu, mdogo ana 6, darasa la kwanza. Mwalimu mwenye watoto 25 lazima awe na ratiba ya dakika kwa dakika, la sivyo atawapoteza njiani. Mimi wangu nawaona machoni. Hesabu za mkubwa, tukikaa wawili, kwa kawaida huisha kwa dakika 25, za mdogo kwa dakika 15, na kazi ya mezani kwa siku nzima haizidi saa mbili. Hesabu na kusoma hazikosi hata siku moja, hayo mengine yanaweza kuhamia kesho. Nimejifunza kuwa mkali kwenye hayo mawili, kwa sababu ulegevu una njia yake ya kutambaa: chai ya asubuhi inasogea mpaka saa tano, hesabu zinaahirishwa, na wiki moja ya kuahirisha hulipwa kwa wiki mbili za kurudia.

Saa moja na nusu. Uji, kutandika vitanda, vyombo. Baba yao amerudi kutoka zamu ya usiku ghalani, amekula nao, amelala. Wangekuwa shule wangemwona muda mfupi tu. Mpaka saa saba mchana hakuna kelele, kwa hiyo ngoma na nyimbo ni za alasiri.

Saa mbili na nusu, kusoma kwa sauti. Nasoma dakika kumi, nafunga kitabu, wanasimulia walichosikia. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki 1923, ndiye aliyeifanya njia hii ijulikane kwa wanaosomesha nyumbani, ingawa aliyekulia kwenye "paukwa, pakawa" haoni ugeni ndani yake. Nasoma mara moja tu. Mtoto akijua utarudia, hasikilizi. Anaanza kusimulia mdogo, kwa sababu mkubwa akitangulia mdogo atarudia maneno ya kaka yake. Wakati wa kusimulia siingilii, hata akikosea jina la mto. Ukimkatiza kumsahihisha, kesho atakupa sentensi mbili fupi anazojua hazina kosa.

Saa tatu. Hesabu.

Mdogo nampa bakuli la maharage na trei ya mayai ya dazani niliyoikata vishimo viwili vikabaki kumi. Anaweka maharage saba, ananiambia vishimo vingapi viko wazi. Anaweka manne, ananiambia tena. Hii ni kazi ya kumfanya aijue kumi kama kiganja chake, na humtuliza kwa muda ninaouhitaji kwa mkubwa.

Mkubwa ameandika 402 − 178 = 376. Ukitazama haraka utasema hajui kutoa. Anajua vizuri. Kwenye mamoja aliona 2 juu na 8 chini, akatoa 2 kwenye 8, akapata 6. Kwenye makumi kuna 0 na 7, akaandika 7. Kwenye mamia 4 kutoa 1 ni 3. Kila safu ametoa ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Ni kanuni aliyojitungia mwenyewe, na kwenye hesabu zote zisizo na kukopa humpa jibu sahihi, ndiyo maana anaiamini. Ukimwambia "umekosea, rudia", atarudia kanuni ileile na 376 itatoka tena.

Nikamwambia ajumlishe 376 na 178. Akapata 554. Akakaa akiangalia.

"Mama, imezidi."

"Imezidi nini?"

"Si tulianza na mia nne?"

Hapo mtoto ameliona mwenyewe, na ndipo natoa njiti. Ni njiti za kuchokolea meno, 500, zimefungwa kumi kumi kwa raba nyembamba, halafu mafungu kumi yamefungwa pamoja kwa raba pana kuwa mia. Kuzifunga mara ya kwanza kulichukua jioni mbili, na hakuna kifaa nilichonunua dukani kilichonifaa kama hizo.

Akapanga mezani: mamia manne, nafasi tupu ya makumi, njiti 2. Anatakiwa kutoa nane. Hana. Akageukia makumi, kutupu. Sifuri ya katikati ndiyo inayokwamisha watoto wengi, maana wameambiwa "kopa kwa jirani" na jirani hana kitu. Mwingine huruka moja kwa moja hadi kwenye mamia, 4 inakuwa 3, 2 inakuwa 12, na sifuri inabaki sifuri. Zile tisini zimepotea hewani. Mwingine huigeuza sifuri kuwa 10, akakopesha mamoja, asikumbuke kuipunguza iwe 9. Kwenye karatasi makosa yote mawili hupita bila mtu kuyaona. Kwenye njiti hayapiti. Ukifungua raba pana, mkononi una mafungu kumi ya kumi, lazima uyaweke mahali. Ukifungua moja ya hayo kuwa njiti kumi, yanabaki tisa, yahesabu. Sasa kuna mamia 3, makumi 9, njiti 12. Toa nane zibaki 4, toa makumi saba yabaki 2, toa mia moja zibaki 2. Jibu 224.

Alifanya mara moja, sawa. Tukarudi kwenye karatasi na 500 − 236, akaandika 10 juu ya sifuri ya makumi na kuiacha hivyohivyo. Jibu 274. Nikamrudisha kwenye njiti, akapata 264. Karatasi tena, 301 − 145, akasahau tena. Wakati huo mdogo amemaliza maharage, mengine yako chini ya friji, anataka choo, anataka maji, anauliza kwa sauti ya juu kama baba ameamka. Mkubwa ameanza kulia kimyakimya, ile ya kuficha uso kwenye kiwiko. Dakika 50 zimekwenda kwenye somo la dakika 25.

Sehemu hii ya kazi watu wa nje hawaioni, na hapa ndipo wazazi wengi huagiza kitabu kipya cha hesabu. Kitabu kipya hakitasaidia. Kosa linajulikana liko hatua gani, na dawa yake ni kurudi hatua moja nyuma, mahali anapoweza, na kusogea taratibu kuliko mwanzo. Nikafunga kitabu. Tukabadilisha jambo moja tu: raba haifunguliwi mpaka penseli iwe tayari. Mkono wa kushoto unafungua mia, wa kulia unakata 3 na kuandika 2. Kushoto kunaweka mafungu kumi, kulia kunaandika 10. Kushoto kunafungua fungu moja, kulia kunakata ile 10 na kuandika 9. Mwanzoni alikuwa akimaliza njiti zote ndipo aandike, kwa hiyo maandishi yalikuwa kumbukumbu ya kitu kilichokwisha kupita. Sasa vinakwenda pamoja. Hesabu mbili, zote sahihi, nikasimamisha hapohapo. Ya tatu ingeharibu.

Saa nne na nusu simu ya bibi, kwa video, kutoka Tanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekula?"

Simu hii huja karibu kila siku na naihesabu kuwa somo. Mdogo anamsimulia bibi hadithi ya mamba, kwa Kiswahili, kwa mtu ambaye hakuisikia asubuhi, na hapo ndipo usimulizi unakuwa kweli: bibi haelewi, anauliza, mtoto anarudi nyuma kuweka alichokiruka. Dirishani kwa bibi jua linakaribia kuzama, huku kwetu ni asubuhi. Tofauti ni saa nane majira haya. Ukutani tuna karatasi ambayo kila Jumatatu mkubwa huandika saa ya jua kuchomoza Lancaster na Tanga. Desemba lilichomoza hapa saa moja na dakika ishirini hivi, sasa ni karibu saa moja kasoro, na mwishoni mwa Juni itakuwa kabla ya saa kumi na mbili. Mstari wa Tanga haupandi wala kushuka sana. Tunachora, na anauliza kwa nini, na chungwa lililochomwa njiti na kuinamishwa mbele ya taa linajibu sehemu kubwa. Saa yenyewe wanaisoma mara mbili: mshale mfupi ukielekea 10, Kiingereza ni ten, na Kiswahili ni namba iliyo upande wa pili wa uso wa saa, nne.

Saa sita, chapati. Unga vikombe 3, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 2 vya mezani, maji ya moto kiasi kama kikombe na robo, yakitiwa kidogokidogo. Kikombe kizima nimekificha. Mkubwa ana cha nusu, mdogo ana cha robo. Nusu sita, au robo kumi na mbili, au nusu nne na robo nne. Wamebishana na kuhesabu mpaka wakaafikiana. Kuna kitu cha kuangalia: mtoto hushindilia unga kwenye kikombe, na unga ulioshindiliwa unazidi, donge linakuwa gumu na mtu analaumu maji. Wachote bila kubonyeza, wasawazishe juu kwa kisu. Donge lipumzike nusu saa.

Lilipokuwa linapumzika tulifanya somo la moto, maana Pennsylvania inataja kwenye sheria, kati ya masomo ya lazima, mafunzo ya usalama, na humo mafunzo ya mara kwa mara ya hatari za moto na kuuzuia. Watu husahau hilo. Kwetu ni dakika tano jikoni: mpini wa kikaango unaelekea ndani, mafuta yakiwaka unafunika kwa mfuniko na kuzima jiko, maji hayagusi mafuta. Nguo ikishika moto: simama, lala chini, bingirika. Njia mbili za kutoka nje, kila mmoja azionyeshe kwa kidole, na anwani ya nyumba aitaje yote bila kusaidiwa.

Alasiri, sijui saa ngapi hasa, Kiingereza cha mdogo. Kiswahili alikisoma mapema. Irabu tano, kila moja na sauti yake, ukishajua ba be bi bo bu umefika. Taabu inaanza na ile e ya mwisho ya Kiingereza isiyotamkwa. Nina kadi ambazo sijaziona kwenye kitabu chochote cha hapa, kwa sababu zinamhusu mtoto wa Kiswahili: pole, kale, mate, wake. Yote ni maneno yetu, na yote ni maneno yao. Kadi ya buluu ni Kiswahili, anasoma po-le na kunishika bega. Kadi nyeupe ni Kiingereza, e ya mwisho nimeichora kwa penseli hafifu, anasoma "poul", mti mrefu wa bendera. Tulipokuwa tunazichanganya bila rangi alisoma kila kitu kwa silabi, hata make aliita ma-ke. Rangi imemwonyesha kwamba herufi ni zilezile, lugha ndiyo inayobadilisha sauti. Mtindo mmoja wa herufi kwa wiki, dakika kumi na mbili, akianza kujipindapinda kwenye kiti tumemaliza.

Halafu theluji, halafu maktaba, halafu ngoma, halafu nguo za kufua. Mkubwa amesoma peke yake kwenye kochi muda mrefu, kitabu cha nyangumi, sikumwita.

Usiku baba yao ameondoka na watoto wamelala. Naandika daftari. Sheria ya Pennsylvania ya kusomesha nyumbani ni Act 169 ya 1988: hati ya kiapo kwa wilaya ya shule kila mwaka kabla ya Agosti 1, siku 180 au saa 900 kwa umri huu, daftari linaloandikwa siku kwa siku likitaja vitabu kwa majina, na sampuli za kazi, vyote kwenye faili. Tangu 2014 faili haliendi tena wilayani. Linakaguliwa na mwalimu mwenye cheti au mtu mwingine anayekubalika kisheria, naye azungumze na mtoto, na ripoti yake ifike wilayani kabla ya Juni 30. Darasa la tatu, la tano na la nane kuna mtihani, kwa hiyo mwaka huu mkubwa ataufanya, na mzazi haruhusiwi kuusimamia. Mimi huandika mistari minne kila usiku, kamwe siachi mpaka Ijumaa; kumbukumbu ya Ijumaa haina majina ya vitabu. Siku ya 104. Karatasi ya 376 nimeiweka kwenye faili pamoja na ile ya njiti, tarehe nyuma. Mkaguzi aone zote mbili.

Mgongo unauma. Kilichobaki ni kufunga njiti upya, kumi kumi, kwa sababu fungu likiwa na tisa kesho litamdanganya mtoto. Nimefika fungu la mwisho, zipo tisa. Nimechukua tochi, niko chini ya meza, na maharage ninayaona, njiti bado.