Msimu huu kamera itanipita

Anayeijua Gikomba, soko letu la mitumba hapa Nairobi, anajua kwamba pesa iko alfajiri. Saa kumi na moja na nusu belo zinakatwa mikanda, na walio mbele ndio wanaotoka na kamera, zile nguo za kwanza ambazo utadhani hazijawahi kuguswa. Ukifika saa mbili unapata za pili. Ukifika saa nne unainamia fagia, yaani masalia. Mimi nauza mapazia na shuka, na kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa mbele, wa kusukumana kwa viwiko.

Sasa niko kwenye dawa ya homa ya ini C, na alfajiri ndiyo saa yangu mbaya kuliko zote. Nikiamka vidole havikunji ngumi. Gumba la kulia ndilo huanza, kisha viganja vyote viwili, halafu magoti nayo yanadai haki yao. Uchovu wenyewe si usingizi, na hapo ndipo watu wa nyumbani hawanielewi. Usingizi ukilala unaisha. Huu nalala nao saa tatu, naamka nao saa kumi na moja, na wakati wa kuamka ni mzito kuliko wakati wa kulala.

Nilijuaje? Mkwe wangu alikuwa anafanyiwa upasuaji, familia ikaambiwa itoe damu. Nikajipanga foleni na wengine, nikapewa soda, nikarudi sokoni. Baadaye nikapigiwa simu niende nikapimwe tena. Kipimo cha kwanza kinaonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na virusi. Cha pili ndicho kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu. Changu kikavikuta. Daktari, binti mdogo anayeniita mama, akaniuliza kama nimewahi kuongezwa damu. Nikamwambia ndiyo, 1988, nilipojifungua kifungua mimba wangu nikatokwa na damu nyingi. Akatabasamu kidogo. Virusi hivi vilitambuliwa 1989, kwa hiyo damu ile hakuna aliyeweza kuipima. Siapi kwamba ni ile chupa, maana sindano zetu za utotoni zilikuwa za kuchemshwa na zilipita kwa watoto wengi. Lakini kama ni ile, basi nimekaa nayo umri wote wa mwanangu.

Jambo linaloniuma zaidi ni mikono. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwenye zahanati moja, jina nitaliacha, nikiwa na viganja hivi hivi vya asubuhi. Wakanipima kile kipimo cha baridi yabisi, kikatoka chanya, nikafungashiwa vidonge vya maumivu na kuambiwa ni uzee unabisha hodi. Hakuna aliyefikiria ini. Daktari wa sasa ndiye aliyenieleza kwamba watu wengi wenye homa ya ini C hutoka chanya kwenye kipimo hicho hata kama hawana baridi yabisi, na kwamba maumivu ya viungo ni jambo la kawaida kwa virusi hivi. Aliniangalia pia miguu kutafuta madoadoa mekundu, akapima mkojo, kwa sababu kuna watu ambao virusi vinawatengenezea protini fulani katika damu zinazoganda kwenye baridi, zikasumbua ngozi, viungo na figo. Nilikuwa salama upande huo. Ila tangu siku ile, baridi ya Julai hapa Nairobi naiangalia kwa jicho lingine.

Dawa yenyewe ni ndogo kuliko nilivyoogopa: sofosbuvir ya miligramu 400 na daclatasvir ya miligramu 60, mara moja kwa siku, wiki 12, kwa sababu ini langu halijafikia kuwa na makovu makubwa. Kabla ya kuanza walinipima homa ya ini B pia, kwa kuwa dawa hizi zinaweza kuiamsha ikiwa imejificha. Nina jamaa aliyetibiwa zamani, enzi za sindano ya interferon kila wiki na vidonge vya ribavirin. Karibu mwaka mzima mtu alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa, damu imepungua, na hasira zisizo na mwenyewe. Nikimkumbuka huyo, mdomo wangu unafunga. Hata hivyo, kuwa nafuu kuliko interferon si sawa na kutohisi kitu. Kichwa kinauma, na uchovu niliokuwa nao tangu zamani uliongezeka wiki za mwanzo.

Nilikuwa nameza asubuhi. Nikamuuliza daktari kama naweza kuhamia jioni, akasema sawa mradi saa isibadilike-badilike na nisiruke siku. Sasa nameza taarifa ya habari ya saa moja ikianza. Stima ikipotea simu inanikumbusha, lakini ule mlio wa taarifa ya habari umeingia mwilini. Nikiusikia hata kwa jirani mkono unatafuta chupa ya dawa.

Kuhusu asubuhi, nilichofanya ni kuacha kushindana nayo. Simu bado inalia saa kumi na moja na nusu, ila si ya kuondoka, ni ya kuanza. Nikiwa bado chini ya blanketi nakunja na kukunjua vidole, nazungusha vifundo vya miguu, bila haraka. Maji ya moto yamelala kwenye chupa ya chai tangu usiku, kwa sababu saa hiyo sufuria siwezi kuiinua. Mjukuu wangu hulegeza kifuniko kabla hajalala. Hiyo ndiyo kazi yake na haisahau, hata akiwa amenikasirikia. Namimina kwenye beseni, napoza hadi mkono uvumilie, natumbukiza viganja vyote viwili na kukaa. Kipimo changu ni vifungo vya sweta. Cha tatu kikiingia bila kukitazama, naweza kuoga. Kikikataa, nakunywa uji wa wimbi kwanza na kurudi kwenye beseni.

Vidonge vya maumivu nimewekewa mpaka. Paracetamol si zaidi ya gramu mbili kwa siku, yaani vinne vya miligramu 500, na siku nyingi sifiki hapo. Diclofenac na ibuprofen, ambazo pale sokoni tunagawiana kama peremende, nimekatazwa kabisa bila kumuuliza daktari. Na ukiwa na mafua soma karatasi ya dawa unayonunua, maana nyingi zina paracetamol ndani na ini linahesabu yote. Kuna jirani ameniletea chupa ya maji ya kijani ya kusafisha ini. Namheshimu, ni mtu mzima, nikaipokea kwa mikono miwili. Iko chini ya sinki. Wakati dawa za hospitali zinafanya kazi, sitaki mgeni nisiyemjua kwenye ini langu. Tena, ukianza dawa hizi mwambie daktari kila kidonge unachomeza, hata cha moyo, cha kifafa au cha TB, kwa sababu vingine vinagongana nazo vibaya.

Uchovu ulipozidi sikuambiwa tu nivumilie. Walinipima damu kama imepungua, wakapima sukari na tezi ya shingoni, kwa kuwa homa ya ini C inaweza kwenda pamoja na matatizo ya sukari na ya tezi hiyo. Vyote vilikuwa sawa. Ningemshauri yeyote aulize vipimo hivyo kabla ya kukubali kwamba ni dawa tu.

Nilichogundua mwenyewe ni kwamba kulala kutwa hakusaidii. Siku nikibaki kitandani, kesho yake viungo vinagoma zaidi. Kwa hiyo nashuka ngazi polepole, nazunguka ploti, nasalimia watu wa mboga, napanda tena. Nikitulia naondoka nyumbani Umoja saa tatu hivi. Matatu ina nafasi, nauli imeshuka, na hakuna anayenisukuma mlangoni. Saa nane mchana nguvu zinakwisha tena. Nina mkeka nyuma ya mapazia, najinyoosha nusu saa, na wateja wanaonijua wanajipimia wenyewe.

Kamera inachukuliwa na wifi yangu. Tunashirikiana kibanda, na ndiye anayeamka siku hizi. Kwa shuka ana jicho kuliko langu. Kwa mapazia, Mungu amsaidie, anapenda maua makubwa ya rangi ya machungwa ambayo hakuna mtu wa Donholm atakayeyatundika sebuleni. Faida imepungua, sitadanganya.

Nilipomwambia ugonjwa wangu alinyamaza, na kesho yake nikaona amekuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Sikukasirika. Nikamwambia, "Wifi, hiki kitu kinapita kwa damu, si kwa chai." Nikamweleza kwamba wembe wangu, kikata kucha na mswaki ndivyo visivyoguswa na mtu, lakini sahani, choo na kukumbatiana havina neno. Akauliza, "Na chanjo?" Ya C haipo, ya B ndiyo ipo. Alikunywa chai yake yote kwanza, halafu akasema yeye pia aliongezwa damu, Nakuru, kabla hajaolewa. Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja, akapimwa. Hana. Kikombe kile sasa tunakitumia wote, maana changu kilipasuka mpini.

Nikimaliza vidonge bado si mwisho. Nitasubiri wiki 12 nyingine ndipo nipimwe virusi, na visipoonekana hapo itahesabika nimepona. Daktari anasema kwa dawa hizi zaidi ya 95 kati ya kila 100 hupona. Kipimo kile cha kwanza kitaendelea kuwa chanya maisha yangu yote, kwa hiyo damu sitoi tena, na yule karani atakayeniona mgonjwa miaka ijayo nitamwonyesha karatasi. Kupona pia si chanjo. Mtu anaweza kuambukizwa upya.

Nilimuuliza daktari kuhusu mikono. Akasema kwa wengi maumivu hupungua virusi vikiondoka, ingawa si mara moja na si kwa kila mtu. "Na magoti?" Akaniuliza nimesimama Gikomba miaka mingapi. Nilipomjibu alicheka, akasema hayo tusiyasingizie virusi.