Pampu ikilala, petroli hailali

Nilivuta kamba mara ishirini na tatu. Idadi naijua kwa sababu nikishapita kumi huwa nahesabu kwa sauti, kama mtu anayemtishia mtoto mkaidi. Pampu ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Ilikuwa imekaa stoo zaidi ya miezi sita na petroli nusu tanki, na muda wote huo mimi nilikuwa nimetulia kabisa, maana kabla ya kuiweka niliitilia dawa ya mafuta. Chupa nzima!

Fundi hakuhangaika na plagi. Alilegeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kikadondoka kitu cha rangi ya asali kinachonata kidoleni. Akanusa, kisha akanisogezea kidole puani. "Mwanangu, hii ni harufu ya petroli?" Haikuwa. Ilinuka kama kopo la vanishi lililosahaulika wazi. Akachomoa jeti, kile kijipande chenye tundu la kupitishia petroli, akaielekeza kwenye mwanga. Tundu lake halifiki milimita moja, na siku hiyo halikupitisha hata chembe ya mwanga. Nikamletea waya nizibue, akaniondolea mkononi haraka: waya mgumu hupanua tundu, na jeti iliyopanuka ni jeti ya kutupa. Aliiloweka kwenye kisafisha kabureta, akaipuliza kwa kompresa.

Halafu akaiomba ile chupa yangu asome lebo. Ilikuwa dawa ya kusafisha injekta. Injekta ni vipulizia mafuta vya injini zisizo na kabureta, na pampu yangu ni ya kabureta! Kuhusu kuhifadhi mafuta, lebo haikusema neno. "Hii ni sabuni," alisema. "Sabuni haizuii kitu kuchacha."

Nadhani neno lenyewe ndilo linalotuponza. Kila chupa inayomiminwa tankini tunaiita dawa: ya kusafisha, ya kuondoa maji, ya kupandisha okteni (uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati wake), ya kutunza mafuta. Mnunuzi akishasikia dawa, anadhani zote zinatibu ugonjwa mmoja. Tangu siku ile nimejilazimisha kujua kwanza petroli inaumwa nini ikikaa.

Inaumwa vitu vitatu. Oksijeni ya hewani huingiliana nayo polepole na kuzaa ile gundi. Shaba iliyomo kwenye jeti na vipande vingine vya kabureta huchochea zaidi. Pili, zile sehemu nyepesi zinazoshika moto upesi huvukia, na ndizo zinazoamsha injini iliyopoa. Tatu ni maji. Petroli ya nchi nyingi siku hizi ina ethanoli, aina ya alkoholi, na ethanoli huvuta unyevu wa hewani. Yenye ethanoli asilimia 10 hubeba maji kama nusu asilimia ya ujazo wake, yaani takriban mililita 25 katika lita 5, na baridi ikizidi hubeba pungufu ya hapo. Ikipita kiwango hicho inajitenga: maji na ethanoli vinashuka pamoja chini ya tanki, palepale bomba linapovutia. Petroli inayobaki juu nayo imepoteza okteni, kwa sababu ethanoli iliyokuwa ikiipandisha imeondoka.

Ukilijua hilo, lebo zinaanza kusomeka. Dawa ya kutunza hasa ni ile yenye vizuia oksidi, kemikali zinazotangulia kushikwa na oksijeni badala ya petroli. Nzuri zaidi huwa pia na kitu cha kuifunga shaba isichochee, na kinga ya kutu. Basi. Haina uwezo wa kurudisha kilichovukia, wala kuunganisha mafuta yaliyokwisha kujitenga. Ndiyo maana chupa yoyote inayojisifu kufufua petroli iliyochacha naipita bila kugeuza shingo. Petroli iliyochacha haifufuki, inaondolewa.

Zile za kuondoa maji zenye alkoholi nazo sizinunui kwa kazi hii. Kama petroli yako tayari ina ethanoli, unaongeza alkoholi juu ya alkoholi. Hujui kama inayo? Chukua chupa ya kioo yenye alama za vipimo, tia maji mililita 10 na petroli mililita 90, tikisa, acha itulie. Maji yakikaa chini yakiwa yameongezeka kupita alama yao, ethanoli imehamia humo. Fanyia nje, mbali na moto na sigara, na usiirudishe hiyo petroli tankini.

Kisha kipimo, ambacho watu hukiruka. Dawa ya chapa ya STA-BIL ya kuhifadhia hutiwa kama mililita 30 kwa lita 9.5 za petroli. Sea Foam, ambayo pia husafisha, ikitumika kuhifadhia huhitaji takriban mililita 16 kwa kila lita moja. Tanki la pampu yangu ni lita 3: dawa ya kwanza inataka chini kidogo ya mililita 10, ya pili karibu 50. Mara tano. Sisemi moja ni bora kuliko nyingine, nasema ukilinganisha chupa kwa ukubwa wake tu unajidanganya. Mimi napima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kukadiria kwa kifuniko niliacha.

Jambo ambalo hata lebo zenyewe huliandika kwa maandishi ya siafu ni kwamba dawa inatiwa kwenye petroli mpya. Petroli iliyokaa tankini miezi miwili imeshaanza safari. Nanunua mpya, nachanganyia kwenye galoni, namimina tankini, halafu nawasha injini dakika kumi. Hizo dakika kumi ndizo watu wanazozionea uvivu. Usipowasha, tanki lina dawa lakini kabureta bado imejaa mafuta ya zamani, na gundi huanzia humo humo kwenye bakuli.

Yote hayo nimeyasema, lakini pampu siitilii dawa tena. Najua itakaa miezi mingi bila kuguswa, kwa hiyo namwaga tanki lote, nawasha hadi izime yenyewe, halafu nafungua ile skrubu ya bakuli maana hata ikizima hubaki vijiko viwili humo. Tanki lake ni la plastiki, halina kutu ya kuogopa. Jenereta ni habari nyingine: umeme hauagi ukiondoka, siwezi kuliacha tupu. Hilo ndilo linalopata dawa, na tanki lake la chuma nalijaza hadi karibu na juu, hewa ikose nafasi ya kuleta unyevu.

Msumeno wa mnyororo ulinisumbua kuamua. Ni injini ya mipigo miwili, petroli imechanganywa na oili moja kwa hamsini, na baadhi ya oili hizo tayari zina dawa ya kutunza ndani yake, kwa hiyo soma kopo la oili kabla ya kuongeza nyingine. Mwishowe nikahamia petroli ya alkaili inayouzwa ikiwa imeshachanganywa. Haina ethanoli, haina zile molekuli zinazokimbilia kuwa gundi, na hukaa miaka bila dawa yoyote. Ni ghali mno kwa jenereta linalokunywa, ila kwa msumeno wa tanki la nusu lita naona inafaa.

Kwenye galoni ya jenereta nimebandika utepe wa karatasi wenye tarehe na mililita nilizotia. Lebo inaahidi miezi 24. Mimi, kwa woga wangu tu, ikifika kumi naimimina kwenye gari, galoni ndogo ndani ya tanki lililojaa petroli mpya, naitembeza siku hiyohiyo, kisha nachanganya nyingine na kubandika utepe mpya. Ile ya pampu nayo huishia huko, mradi niimwage msimu unapoisha tu, kabla haijaanza kunuka vanishi.