Mtera, Kidatu na Lukosi: maji ya bwawa yafunguliwe lini?

Bwawa la Mtera halikujengwa ili lifue umeme. Lilikamilika mwaka 1980 likiwa ghala la maji ya Kidatu, kituo cha umeme kilichoko chini zaidi kwenye mto huo huo wa Ruaha Mkuu na kilichokuwa kimeanza kazi mwaka 1975, na mitambo ya Mtera yenyewe, yenye uwezo wa megawati 80, ilikuja baadaye, mwaka 1988. Katika kazi yangu ya kuunda modeli za mito na mabwawa sijakutana na mfumo mwingine ambao mpangilio huo wa ujenzi unajitokeza waziwazi namna hii katika matokeo ya kompyuta.

Kiini cha modeli ya bwawa ni mizania: maji yaliyoingia kutoka mitoni pamoja na mvua iliyonyesha juu ya bwawa, ukitoa yaliyopita kwenye mitambo, yaliyomwagwa na yaliyogeuka mvuke. Mtera hutumika kati ya mita 690 na mita 698.50 kutoka usawa wa bahari, na ndani ya mita hizo nane na nusu huhifadhiwa takribani mita za ujazo bilioni 3.2. Ni bwawa pana lisilo na kina kikubwa. Likijaa hutanda kilomita za mraba 600 hivi katika ukanda mkavu wa mpakani mwa Iringa na Dodoma, kwa hiyo kila mita moja inayochukuliwa na jua ni mita za ujazo milioni 600. Bwawa zima la Kidatu hubeba milioni 125 tu. Ukiyatunza maji Mtera, jua linayala. Ukiyafungulia ovyo, Kidatu haina pa kuyaweka.

Hapo ndipo Mto Lukosi unapoingia. Lukosi hushuka kutoka milimani na kuungana na Ruaha Mkuu chini ya Mtera lakini juu ya Kidatu, na wakati wa mvua nyingi mto huo, pamoja na vijito vingine vya upande huo, huweza kuilisha Kidatu kwa siku kadhaa bila msaada mkubwa kutoka juu. Mitambo ya Kidatu, yenye megawati 204, ikiendeshwa kwa nguvu zote hutumia kwa hesabu yangu mita za ujazo 140 hivi kwa sekunde, yaani milioni 12 kwa siku, hivyo bwawa lake lililojaa lingetosha siku kumi tu. Mwendeshaji akiwasha mitambo ya Mtera katika siku ambazo Lukosi umefurika, maji hayo huikuta Kidatu imejaa na kupita kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kumwagia maji yaliyozidi, bila kugusa mitambo. Yamefua umeme mara moja, kwa anguko la mita 100 hivi, ilhali yangesubiri kiangazi yangefua mara mbili, na anguko la Kidatu, la mita 175 hivi, ndilo kubwa zaidi.

Jambo hili halionekani katika kila modeli. Nilipoendesha hesabu kwa wastani wa mwezi, umwagikaji wa Kidatu ulikuwa mdogo mno kiasi cha kupuuzwa, kwa sababu gharika ya Lukosi ya siku nne au tano humezwa na siku nyingine za mwezi. Nilipohamia hesabu ya kila siku, ulijitokeza mara moja. Tangu hapo sikubali ripoti ya Kidatu iliyotumia wastani wa mwezi, hata iwe na michoro mizuri kiasi gani.

Kila bwawa la Mtera linapopungua, lawama huelekezwa Usangu, bonde lililo juu ya Mtera, kwa wakulima wa mpunga na mabanio yao. Ni kweli kwamba tangu miaka ya mwanzo ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na wanyama wanaumia. Lakini chukua kalamu: hata mto huo ungetiririka mita 3 za ujazo kwa sekunde kwa miezi minne ya ukame, Mtera ingepata milioni 31 hivi, yaani asilimia moja ya ujazo wake. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji yanayoingizwa majarubani wakati wa masika ni suala jingine linalostahili hesabu yake, ila mjadala wa hadharani mara nyingi huchanganya mambo hayo mawili, jambo linaloniudhi.

Uchunguzi wa namna hii unasimama au kuanguka kwa takwimu za mtoni. Katika kituo kimoja cha kupimia niliona daftari la msoma kipimo ambamo, kando ya namba za kiangazi, alikuwa ameandika kwa penseli "maji yamesimama". Mto ulikuwa umeacha kutiririka na rula ilikuwa inapima dimbwi. Fomu ya kompyuta haikuwa na sehemu ya maelezo, kwa hiyo kimo cha dimbwi kiliingizwa kwenye mlinganyo wa kimo na mtiririko, ukazaliwa mto usiokuwapo. Maneno yale mawili yalinifaa kuliko wiki nzima ya kurekebisha vigezo vya modeli.

Kanuni ninayoiunga mkono ni kwamba ufunguaji wa maji Mtera uamuliwe kwa kutazama kwanza kina cha Kidatu na mtiririko wa Lukosi wa siku hiyo, kisha ndipo kina cha Mtera. Hilo linahitaji kipimo cha Lukosi kinachotuma taarifa papo hapo.

Hata hivyo, Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, limebadilisha sehemu ya hesabu. Ruaha Mkuu huingia Rufiji juu ya bwawa hilo, kwa hiyo maji yanayomwagika Kidatu sasa yana mahali pengine pa kufua umeme, isipokuwa katika miaka ambayo Nyerere nayo imejaa. Katika modeli yangu ya sasa nimeyapa maji hayo thamani ndogo badala ya sifuri, na mwezi ambao kanuni hiyo inabadilika zaidi ni Aprili.