Maumivu baada ya kutibu mzizi wa jino: faili inazungukaje?

Jino likiuma siku moja au mbili baada ya matibabu ya mzizi, mara nyingi ni uchafu uliosukumwa nje ya ncha ya mzizi. Mwendo wa faili, kile kijichuma chembamba cha kukwangua ndani ya mfereji wa mzizi, una mchango wake. Ya mzunguko mfululizo hupandisha unga kuelekea mdomo wa mfereji. Ya kwenda na kurudi, aliyoieleza daktari wa meno Ghassan Yared mwaka 2008, ilizunguka nyuzi 144 ikikata na kurudi 72. Faili haikwami kirahisi, lakini ukiikandamiza, uchafu unashuka.

Tafiti hazikubaliani ipi inauma zaidi. Kwa maoni yangu, mkono wa daktari ndio tatizo kuliko mota inayozungusha faili. Dona (ingiza na kuvuta kidogo) mara tatu tu, toa faili, ifute (utaona ule utope mweupe kwenye mikunjo yake), osha kwa hipokloraiti (dawa ya kuua vijidudu), pitisha faili nyembamba ya mkono, namba 10, ndipo urudi. Sindano ya kuoshea isibane mfereji. Iishie milimita 2 kabla ya mwisho.

Mgonjwa asiye na vidonda vya tumbo wala shida ya figo: ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula. Antibiotiki haitulizi maumivu haya. Uvimbe au homa? Arudi kliniki.