Hyderabad, Januari ikifika

Tiketi ya Hyderabad, India, bado sijakata, lakini mwezi nimeshauchagua: Januari. Mei joto la kule hufika nyuzi 40, na mimi Oktoba tu ya hapa Lubumbashi hunilaza sakafuni.

Charminar, jengo la minara minne la mwaka 1591, nitalipitia asubuhi, kabla wauza bangili hawajajaza njia. Siku nzima naiwekea ngome ya Golconda. Ukipiga makofi chini ya kuba la lango, mlio husikika hadi kileleni. Walinzi walipashana habari hivyo. Tena soko lake la almasi lilivuma dunia nzima, na mtoto wa mchimba shaba hapiti mbali na mambo hayo.

Mdogo wangu kauliza, “Yaya, na bukari utakula wapi?” Nikamwambia kuna biriani. Hakuridhika, ameanza kunipimia unga wa kubeba, wa huo ugali wetu.